Kikinga Cheupe cha Dirisha la Nyuma

Siku mliponiaga pale dukani Wattaya, hapa Maskati, mkanipa saa ya ukutani ambayo mke wangu mpaka leo hataki kuitundika, mmoja wenu aliniuliza kazi gani katika miaka yote ile ilinikaa moyoni. Nikajitia kutafuna keki. Siwezi kusimulia kitu kama kile huku watu wamesimama na sahani za karatasi. Sasa nna wakati, tena mwingi kuliko ninavyoutaka, basi nakuandikieni. Ila siwezi kuanza na gari ya Bi Rukia moja kwa moja. Lazima mjue kwanza kazi yenyewe tuliikuta vipi.

Nilianza katikati ya miaka ya tisini. Duka lilikuwa mlango mmoja tu, nyuma ya majumba makubwa ya kuuzia magari, na mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Hamdun, mtu wa Unguja kama sisi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku yangu ya kwanza nilikuja nimevaa dishidasha safi, kanzu ya huku, nikidhani nitauza. Akanipa kitambaa na chupa ya spiriti, akanionesha mlango wa gari, akasema, "Futa." Nikafuta. Akapitisha kidole, akasema tena, "Futa." Mpaka adhuhuri nilikuwa bado kwenye mlango ule ule. Alipoona nimekasirika akanambia kazi hii ni kufuta, kubandika ni kumalizia tu. Nilimchukia wiki nzima.

Kwa wale waliokuja juzi wakakuta kila gari inatoka kiwandani na kila kitu: kikinga ni kile kipande cha plastiki kilichopinda, kinachokaa juu ya dirisha la mlango, ili ushushe kioo kidogo na mvua isiingie. Mtu atauliza Maskati mvua iko wapi. Watu wakivitaka kwa ajili ya joto. Ukiegesha gari juani na kioo umekishusha kidogo, hewa ya moto inatoka, na mpita njia haoni kama dirisha liko wazi. Na wavuta sigara, hao walikuwa wateja wetu waaminifu.

Katika kuchagua, msimfuate mteja anayeanza na rangi. Kiangalieni kwanza kama kimetengenezwa kwa gari ile ile na mwaka ule ule, maana mpindo ukitofautiana kidogo tu kitabanduka joto la Juni likifika. Kikunjeni kwa mikono: cha rahisi kinalia na kufanya mstari mweupe. Vile vinavyochomekwa ndani ya mpira wa dirisha ni vizuri kwa vioo vya kuzungusha kwa mkono, lakini vinagombana na vioo vya umeme. Vya kubandika nje kwa tepu ya pande mbili ndivyo salama, bora mkono uwe na subira. Mzee Hamdun akikandamiza kwa kidole gumba huku akisoma Kulhuwallahu mara tatu kwa kila mlango, ndicho kipimo chake cha muda. Alipostaafu akaja Wafula, Mkenya kutoka Bungoma, Mkristo, akawa anapima kwa Baba Yetu. Vikinga vyake navyo havikubanduka.

Wafula ndiye niliyekuwa naye siku alipokuja Bi Rukia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, asubuhi. Gari nyeupe, mpya, plastiki bado imo vitini, vioo vyote vya umeme. Anaendesha kijana anayeitwa Nassor, mfanyakazi wa wizara huko Al Khuwair. Mamake amekaa nyuma, kulia kabisa, si nyuma ya dereva, maana huku usukani uko kushoto, kajibana na mlango kama kwamba kuna mtu kakaa katikati. Walikuwa wamehamia nyumba mpya Al Amerat, baba mtu alishafariki, na wao ni wawili tu.

"Nnataka kikinga kimoja," Bi Rukia akasema. "Huu mlango wa nyuma ya dereva. Kiwe cheupe, mtu aone nje."

"Bi mkubwa, vinauzwa vinne pamoja."

"Basi hivyo vitatu mpe anayetaka."

Nassor akaguna. "Mama, si tushasema? Vyeusi, vyote vinne. Gari itakuwa chongo."

"Weka vyeusi huko kote. Mlango huu ni wangu."

Nassor akatoka nje kupiga simu, na uso wake umemwiva kwa haya. Bi Rukia akanisogelea. Alikuwa akinukia asumini na iliki, kama mama zetu wote, na mimi nikamwamkia tena, sijui kwa nini.

"Mwanangu, nikwambie ukweli," akasema. "Mimi nna rohani. Jini wa kheri, wa kurithi. Nassor alipokuwa mchanga aliugua sana, nikaweka ahadi. Kioo kile kisifungwe kikaisha. Kiwe wazi vidole viwili, jua lisijue, mvua isijue. Apate hewa."

"Na kikifungwa?"

"Ntampoteza huyu pia."

Nilikwenda stoo na maneno yale kichwani. Niliwaza, jini tangu lini akataka hewa? Lakini mimi nimelelewa, na bi mkubwa hahojiwi mambo kama hayo. Na lile neno "pia" nililisikia, nikaliacha lipite.

Tukabandika vitatu vyeusi na kimoja cheupe. Wafula akacheka, akasema hii gari imevaa miwani ya jua na kusahau jicho moja. Kawaida yetu, gari ikikaa ikishika, tunaipeleka barabarani kusikiliza kama kuna mluzi, maana upepo ukipata mwanya chini ya plastiki unalia na mteja atarudi na matusi. Nikashika usukani, Wafula pembeni yangu, tukatoka kuelekea Qurum. Vioo vyote tumevifunga.

Tulipofika mwendo wa barabara kuu, sauti ikaanza nyuma ya kichwa changu. Mluzi nnaujua, nimesikia wa kila namna. Huu haukuwa mluzi. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyelia mpaka akachoka, akawa sasa anaunguruma tu puani, anasita, anavuta pumzi, anaendelea. Nikapunguza mwendo, ikaendelea vile vile. Nikavitupia vikinga vyeusi lawama zote, nikafungua dirisha moja moja. Ikawa bado. Nikashusha kile kioo cha nyuma vidole viwili, ikanyamaza papo hapo. Nikapandisha, ikarudi. Nikashusha zaidi, ikarudi. Kwenye vidole viwili, kimya.

"Arbab," Wafula akasema polepole, neno la huku la kumwita bosi, "simamisha hapo mbele nishuke."

"Ni upepo, Wafula."

"Sawa, ni upepo. Mimi nitatembea."

Akatembea kweli, na jua lile. Mimi nikarudi peke yangu, na sikuangalia kioo cha ndani cha kutazamia nyuma hata mara moja. Niliogopa, sioni haya kusema.

Jioni yake nilifunga kile kioo, maana tepu inataka dirisha lifungwe ili plastiki isisukumwe mpaka ishike. Nikaizima gari, nikatia ufunguo mfukoni, nikenda kuswali. Niliporudi kioo kilikuwa chini vidole viwili. Nikamwambia Wafula ni ubovu wa swichi. Akaendelea kukunja vitambaa vyake ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

Bi Rukia akawa mgeni wetu. Kila baada ya wiki chache Nassor anamleta sokoni, naye lazima apitie dukani, ati kutusalimu. Hatuamkii kwanza. Anakwenda kwenye dirisha lile, anaingiza vidole vyake viwili kati ya kioo na fremu, chini ya kikinga, anapima. Midomo yake ikicheza. Nilidhani anasoma. Siku moja nilikuwa nimeinama nyuma ya gari kuangalia tepu, hakuniona, na nikamsikia. Hakuwa akisoma.

"Umelala?" alikuwa akiuliza kile kiti kitupu. "Umelala, mama?"

Nikabaki nimeinama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Kwenye baridi ya mwaka wa pili, Nassor akaja peke yake. Alikuwa amechumbia, na wakwe watarajiwa ni watu wa maneno. Mchumba amemuuliza kwa nini dirisha lile halifungwi. Vumbi linaingia, baridi ya kiyoyozi inatoka, na watu wameshaanza kunong'ona kuwa mama mkwe ana mashetani.

"Baba Seif, kitoe hicho kikinga," akanambia. "Na kioo ukikaze huko ndani, kisishuke tena abadan."

"Kamwambie mama yako kwanza."

"Ntamwambia baadaye. Akikiona kimefungwa na mimi niko hai, atapona khofu."

Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa amechoka kulindwa. Lakini mimi mkono ulikuwa mzito, nikamwambia mafundi wana kazi nyingi, alete gari Jumamosi. Hapakuwa na kazi yoyote. Wafula alikuwa nyuma yangu anakunywa chai.

Jumatano mawingu yakashika milimani. Wattaya haikudondoka hata tone, na hapo ndipo watu wa Maskati wanapohadaika: mvua inanyesha huko juu, jua linakuwakia wewe, na maji yanakuja yenyewe bondeni kama gari moshi. Njia ya Al Amerat wakati ule ikipita kandokando ya wadi, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha milimani, na kuna pahala unalikata bonde lenyewe. Nassor alitoka kazini, akakuta maji yamefika nusu ya gurudumu, na mbele yake lori limepita salama. Akaingia.

Alhamisi saa za asubuhi gari ililetwa kwenye yadi iliyokuwa nyuma ya duka letu, juu ya gari la winchi, imejaa matope na matawi ya mkwaju wa porini. Dereva wa winchi akasema mwenyewe mzima. Nikamshukuru Mungu, nikakaa chini. Halafu mimi na Wafula tukenda kuiangalia, kama mafundi wanavyofanya, macho yetu yakaenda mlango mmoja.

Vioo vitatu vilikuwa vimefungwa vile vile, vizima, na vikinga vyeusi juu yake. Mlango wa nyuma ya dereva, kile cheupe kilikuwa kimebaki pande moja tu. Kioo hakikuvunjika. Kilikuwa kimeshuka chote ndani ya mlango. Nikafungua lile jalada la ndani. Waya unaopandisha na kushusha kioo ulikuwa umekatika, na chuma kinachoubeba kimepinda kuelekea chini.

Nataka mwelewe hapa, kwa sababu nyinyi ni watu wa kazi. Maji hayashushi kioo. Na mtu aliye ndani akikivuta kwa vidole, kwa namna ile, hapati pa kukazia. Tulijaribu. Tulikishusha kidogo kioo cha mlango mwengine kwa betri ya dukani, mimi na Wafula tukaning'inia juu ya kioo, watu wazima wawili, na Wafula mnamjua mwili wake. Hakikushuka hata kidogo. Wafula akafuta mikono, akavua kofia, akaishika kifuani.

Ndipo walipofika. Nassor mkono umefungwa bendeji, na mamake amemshika mkono wa pili kama mtoto anayevushwa njia. Walikuja kuchukua vitu vilivyobaki garini. Nikawaletea viti chini ya kivuli cha banda. Nikamuuliza Nassor alitokaje. Akamwangalia mamake kwanza.

"Sijamsimulia," akasema. "Nimemwambia waokozi tu."

"Simulia," Bi Rukia akasema.

"Maji yalinizoa, gari ikageuka, umeme ukafa. Vioo havishuki, milango haifunguki. Mbele kukawa kunazama, nikapandia kiti cha nyuma. Maji yamenifika kidevuni, mdomo wangu uko pale kwenye ule uwazi wa vidole viwili, napumulia pale. Bila ya ule uwazi ningekuwa nimekwisha." Akameza mate. "Mara nikaona vidole vinaingia kutoka nje, chini ya kile kikinga. Vinne. Vikashika kioo, vikakivuta chini. Nikajua nimefikiwa. Nikatoka, maji yakanitupa majabalini. Nikaangalia nyuma kumshukuru mtu. Hapana mtu. Watu wote walikuwa ng'ambo na kamba zao, wananambia hapana aliyeweza kutia hata mguu."

Bi Rukia alikuwa ameachia mkono wa mwanawe.

"Vilikuwa na nini, vidole hivyo?" akauliza.

"Vipi, mama?"

"Vilikuwa na nini?"

"Hina," Nassor akasema. "Ncha tu, kama wanavyochovywa watoto."

Bi Rukia akakaa. Niliogopa ataanguka, nikashika kiti. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya mtu anayeeleza mapishi.

"Mimi sina rohani, Nassor. Sijawahi kuwa naye. Rohani mtu ukimtaja watu wanakuachia ufanye utakalo. Wewe ulikuwa na dada. Asya. Wewe hujaanza hata kukaa, yeye ana miaka minne."

Nassor akainua kichwa kumtazama mamake.

"Ilikuwa Idi yetu ya kwanza tangu kutoka Unguja. Joto. Tulikwenda kuwasalimu jamaa wa baba yako, tusiowajua vizuri, na yeye njiani akalala kiti cha nyuma, nyuma ya baba yako. Ana hina yake, ana gauni lake. Baba yako akasema tusimwamshe, tunasalimia tu tunatoka. Nikafunga vioo mimi mwenyewe. Kulikuwa na vumbi, nikaona litamharibia gauni. Baba yako akaingia kwa wanaume, mimi nikaingia kwa wanawake na wewe mkononi. Nikapewa kahawa. Nikanywa, nikarudisha finjani, ikajazwa. Nikanywa, ikajazwa. Kwetu mtu akikutilia unakunywa, ukikataa umemvunjia heshima. Hapana aliyenambia kuwa hapa unaitikisa finjani ndipo wanapojua umetosheka. Wao wananiona nna hamu ya kahawa, wanafurahi, wananitilia. Mimi naona haya kunyanyuka kabla hawajamaliza kunikirimu. Moyo uko garini, na mkono unapokea finjani. Nikanywa, Nassor. Nikanywa, nikanywa."

Akasita pale. Hakusema walichokikuta, na hapana aliyemuuliza. Wafula alikuwa ametugeuzia mgongo, mabega yanamtikisika, na mimi machozi yalikuwa yakinitoka bila ya kuyafuta.

"Baba yako, Mungu amrehemu, alisema asitajwe tena nyumbani. Nikatii. Ila kila gari tuliyonunua, nikamwachia uwazi."

Nassor akapiga magoti kwenye matope, akaweka kichwa mapajani mwa mamake. Bi Rukia akampapasa nywele muda mrefu, huku anaitazama ile gari. Kisha akamwinua kidevu, na nilimwona anakusanya nguvu, kama kwamba hili ndilo alilokuwa akilitaka, na yote aliyoyasema kabla yalikuwa njia tu ya kulifikia.

"Mwanangu, yeye sasa ni mtu mzima, ana miaka zaidi ya thelathini. Ule mkono," akauliza, "ulikuwa umekua?"

Nassor akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi.

"La, mama," akasema. "Mdogo. Mdogo vile vile."

Bi Rukia akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo alipolia.